Kware Chini ya Kaniki

Juzi mume wangu kaniletea nyumbani kitu ambacho sikukiomba. Mwenzake wa ofisini, kule Sandton, kahamia Australia na familia yake, akawa anagawa vitu: huyu kochi, yule jokofu, na mume wangu, mtu asiyejua kusema hapana, akapewa kizimba cha kware pamoja na kware wenyewe. Akakiingiza jikoni kwangu, eti nje kuna baridi. Nilikuwa nimeinama naosha mchele, harufu ikanifikia kabla sijaona kitu: pumba zilizolowa, manyoya, na ule ukali wa kinyesi cha ndege unaopanda puani mpaka machozi yanakutoka. Nikasema bila kugeuka, "Hao ni kware, na humu hawalali." Akashangaa nimejuaje. Nimejuaje! Mtu aliyekulia na kware hasahau hata akitaka, na mimi nimetaka sana.

Wenzangu wa rika langu, ninyi mliolelewa kwenye vyumba vya uani hapa Johannesburg, mtanielewa. Sisi tulikaa Rosettenville, nyuma ya nyumba ya watu. Vyumba viwili vinatazamana, ua mmoja wa saruji, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Chumba kimoja tulikaa mama yangu na mimi, na baba zile siku alizokuwepo, maana alikuwa akizunguka na bidhaa zake majimboni na akirudi anarudi na usingizi tu. Chumba cha pili alikaa Mama Debora, msusi kutoka Lubumbashi, mjane, pamoja na binti yake Debora ambaye tulilingana umri na darasa. Milango yetu haikufungwa mchana. Nikitoka shule na njaa, niliingia chumba chochote kilichokuwa kinanukia.

Nataka mjue Mama Debora alikuwa nani kwangu, la sivyo hamtaona kwa nini mpaka leo jambo hili linanichemsha. Kila Jumapili jioni, akishatoka kanisani, alinikalisha baina ya magoti yake akanisuka. Mama yangu mzazi alinisuka kama mtu anayefunga mzigo. Mama Debora alikuwa na vidole vya kubembeleza, na alikuwa akiimba huku anasuka, nami nilisinzia pale pale huku Debora anangoja zamu yake na kunung'unika kwa Kizulu kwamba mamake ananipenda mimi zaidi. Sisi watoto tulisemezana Kizulu na Kiingereza, mama zetu wakatugombeza kwa Kiswahili, kila mmoja cha kwao. Sikuwa na ndugu. Nilikuwa na Debora, na goti la mamake, na hilo lilinitosha kabisa.

Sasa kware. Mama yangu ni mtu wa Tanga, na watu wa kwao walikuwa wamemjaza maneno kwamba yai la kware ni dawa: pumu, sukari, presha, mifupa, macho. Ukimsikiliza, lilibaki kufufua maiti tu. Kuku alikuwa nao tayari, watatu, wazuri, wenye akili zao. Lakini hapana, akataka na kware. Akaenda kuwatafuta huko alikowatafuta, akarudi nao ndani ya katoni la ndizi, na tangu siku ile sikupumzika.

Jamani, kware ni ndege wa kukera. Ukimkaribia anaruka juu wima kama kapigwa shoti, anajigonga kichwa kwenye dari la kizimba, anaanguka, anasimama, anaruka tena. Hajifunzi. Kuku akitaga anatafuta kiota chake, anatulia, anatangaza. Kware anataga popote alipo, huku anatembea, kwenye chombo cha maji, juu ya kinyesi, halafu anaendelea na shughuli zake kana kwamba lile yai si lake. Kuatamia hajui. Mama alilazimika kuyaweka mayai yao chini ya kuku, na yule kuku maskini akalea vifaranga wadogo kama mende ambao walikuwa wanapotea chini ya manyoya yake. Na wa kusafisha kizimba alikuwa nani? Wa kuokota mayai kabla ya shule, na vidole vimekufa ganzi? Mimi. Mama alisimama mlangoni na kanga yake akinielekeza, "Pale, pale, we Zuhura, kuna jingine pale kwenye kona, huoni?"

Lakini walitaga, sikatai. Kiangazi kile walitaga mpaka tukachoka kula. Asubuhi moja Mama Debora alitoka kuteka maji, akaniona na bakuli limejaa vile vijiyai vya madoadoa, akapiga makofi akacheka.

"Ee Yesu! Mama Zuhura, ile bandege yako inataga sawa mvua!"

Hakuna aliyeudhika. Mama akacheka naye, akamjazia sahani. Lakini mimi niliyemjua mama yangu niliona kitu kidogo usoni mwake. Kwetu mtu akisifu mali yako, mtoto wako, hata sufuria yako, anatakiwa aseme mashallah, ili sifa yake isije ikageuka jicho. Mama Debora alimtaja Yesu. Mashallah hakusema, na angeisema vipi mtu wa kanisa, hakuna aliyemfundisha. Mama yangu, alipogeuka kuingia ndani, aliisema mwenyewe kwa sauti ya chini, mara tatu, kwa niaba ya jirani yake.

Kisha Mama Debora, kwa wema wake, akaongeza la pili. Hii ilikuwa baadaye kidogo, majani ya ule mti wa barabarani yameanza kugeuka rangi. Alikuwa anaanika nguo, akaniambia huku vibanio viko mdomoni, "Mwambie mama yako ale mayai sasa. Baridi ikiingia bataacha kutaga, utaona. Mupaka baridi iishe." Nami, tarishi mwaminifu, nikaenda nikamwambia mama vile vile.

Hebu tuelewane hapa, maana hapa ndipo uchungu wangu wote ulipo. Ndege wa kutaga anakwenda na mwanga. Siku ikiwa fupi, anafunga duka. Tanga hilo hulijui, kwa sababu Tanga jua linatoka saa kumi na mbili na kitu na linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, na mama yangu alikuwa amefuga kuku tangu utoto wake bila kuona hata siku moja kuku wote wakaacha kwa pamoja. Johannesburg ni nchi nyingine. Hapa mwezi wa sita unakwenda shule na giza, na saa kumi na moja na nusu jioni jua limeshakwenda. Mama aliliona hilo. Alilalamika kila siku kwamba nchi hii inamwibia Magharibi yake, anageuka kidogo tu, adhana imeshapita. Kulihusisha na ndege wake hakulihusisha.

Basi baridi ikaingia, maji yakaganda bombani asubuhi, na kware wakapunguza, wakapunguza, wakaacha. Kuku nao wakafuata. Mama akabadili chakula. Akanunua kingine. Akawakagua makalioni mmoja mmoja, kazi ambayo sitaki hata kuikumbuka, na mimi ndiye niliyewashika. Akachoma ubani akakizungushia chetezo kile kizimba mpaka wale ndege wakapiga chafya. Hakuna kitu. Ndipo siku moja akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniangalia, akaniuliza polepole.

"Hebu rudia. Alisemaje yule, siku ile?"

"Nani?"

"Mwenzio huyo wa nywele. Alisema wataacha?"

"Alisema baridi ikiingia wataacha."

"Na wameacha," mama akasema. "Amejuaje?"

Amejuaje! Kwa sababu amewahi kufuga ndege kwenye baridi, mama! Leo ningemjibu hivyo. Wakati ule nilikuwa mtoto, nikaona swali ni zuri. Kumbe hesabu ilikuwa imeshafungwa kichwani mwake: alisifu bila mashallah, kisha akatabiri, kisha ikawa. Usiku haujaingia, mama akatoa sandukuni kaniki, ile nguo nyeusi tii aliyopewa na bibi yake, akakifunika kizimba chote, mbele, nyuma, juu, ili jicho la jirani lisiwafikie ndege.

Mmesikia nilivyosema kuhusu mwanga. Ndege wameacha kutaga kwa kukosa jua, na mama yangu, kwa nguvu zake zote na mapenzi yake yote, akawaondolea na lile dogo lililobaki. Nikilifikiria hilo nikiwa kwenye foleni ya robot, hizi taa za barabarani, nagonga usukani.

Basi uani pakawa hapakaliki. Mama aliacha kumsemesha Mama Debora, akanifanya mimi simu. "Mwambie mwenzako atoe shuka zake kwenye kamba." Mwenyewe amesimama hatua mbili tu kutoka hapo! Mama Debora akanijibu mimi, kwa mshangao, "Mwambie mama naisikia." Kusukwa kukakoma. Jumapili ilipofika mama akanisuka mwenyewe, akanifunga ule mzigo wake, nikalia kwa maumivu na kwa mengine. Debora akaniuliza shuleni kuna nini. Nikamwambia kwa Kizulu kwamba mamake ana jicho. Akasema, "Anayo mawili," nami nikaona na hilo ni kweli.

Maana mimi nilidhani jicho ni kitu kinachotoka. Nilidhani ukimtazama vizuri mwenye jicho, wakati anatazama, utakiona kinamtoka, labda kama moshi, labda kama mwanga wa tochi. Nikaamua kumpima. Nilichukua mche wa ua la mwenye nyumba nikauotesha kwenye kopo la maharage, nikampelekea Mama Debora mlangoni.

"Tazama," nikamwambia.

Akatazama. "Ni mzuri."

"Tazama sana."

Akauinamia, maskini, akautazama sana, kwa sababu mtoto kamwomba. Nami nikawa nimemkodolea yeye. Hakikutoka kitu. Mche ule nikauchungulia asubuhi na jioni nikingoja ukauke, na badala yake ukatoa jani jipya. Nikaenda mbio kumwambia mama kwamba nimehakikisha. Akaniambia jicho halishughuliki na maua. Nilimuuliza linajuaje hili ni ua na huyu ni kware. Nikapigwa kofi, na uchunguzi wangu ukaishia hapo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Mimi na Debora tulikuwa tumekaa ukutani tunaota kajua. Mama Debora akatoka, akaiona kaniki, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza aelewe kwamba haikuwa ya kukinga upepo, maana ilikuwa imefungwa kwa kamba hata mchana. Akaenda akainua pembe moja, akachungulia.

"Mama Zuhura! Unabafungia giza ya nini? Bandege inataka mwangaza!"

Mama akatoka na mwiko mkononi. Nilimwona usoni nikajua anakwenda kulisema, nikatamani kumziba mdomo.

"Toa mkono wako hapo, mchawi wewe!"

Kwetu Pwani watu huitana wachawi kwa hasira, na kesho wakakopeshana chumvi. Kwa Mama Debora lile lilikuwa neno jingine kabisa. Debora alishanisimulia habari za shangazi yake, aliyeitwa hivyo kanisani mbele za watu, ndugu zake wote wakamfungia milango, akafa peke yake. Na mama alilisema kwa sauti, uani, ukuta wa jirani ukiwa mfupi na madirisha yako wazi. Mama Debora aliishusha ile pembe ya kaniki taratibu, akainyoosha vizuri kama alivyoikuta. Kisha akasema, "Debora, ingia ndani." Debora akateremka ukutani akaingia. Hakunitazama.

Mwisho wa mwezi walihama. Kigari cha kukodi kilikuja asubuhi, wakapakia kitanda, masufuria na lile sanduku la vifaa vya nywele. Nilisimama mlangoni, mama kanishika bega kwa nyuma. Debora alikaa mbele na mamake, kaangalia mbele. Nilimwita jina. Mlango wa gari ulikuwa umeshafungwa.

Na sasa sikilizeni kilichonimaliza kabisa. Baridi ikaisha. Siku zikarefuka, mijakaranda ikaanza kujikusanya kuchanua, mama akaiondoa kaniki kwa kuwa wa kufichwa naye hayupo tena, na baada ya muda si mrefu asubuhi moja nikaingiza mkono kizimbani nikagusa yai. Kesho yake manne. Keshokutwa bakuli. Mama akalinyanyua lile bakuli juu, uso unang'aa.

"Umeona? Umeona sasa? Kaondoka yeye, wametaga!"

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Kila kitu kimemwunga mkono, hata jua! Kiangazi kizima niliisikia hadithi ile ikisimuliwa kwa wageni, kwa simu ya Tanga, kwa mashoga zake wa msikitini, na kila mara ikizidi kunoga. Kile chumba cha pili kikapata mpangaji mpya, bibi mmoja wa Unguja, mcha Mungu hasa. Huyo alikuwa hawezi kupita mbele ya kizimba bila mashallah, hawezi kuona unyoya umeanguka bila mashallah. Mama alimpenda mno. Mimi nilimsalimia, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, nikaenda zangu kukaa peke yangu ukutani.

Kisha majani yakageuka rangi tena. Maji yakaganda tena bombani. Na kware wakapunguza, wakapunguza, wakaacha.

Safari hii mama hakuchoma ubani. Kila asubuhi alikwenda mwenyewe kizimbani, hakunituma mimi, akapapasa kila kona, akarudi mikono mitupu. Yule bibi wa Unguja akamwambia, "Mashallah, wamenenepa." Mama akaitikia bila kumtazama. Nilimwona mara kadhaa amesimama katikati ya ua, anaangalia juu, mahali jua linapopita, chini chini juu ya mabati, muda mfupi tu, kisha haliko. Mimi nilikuwa nangoja aseme. Nilijizuia nisiseme mimi.

Jumapili moja akaniambia nivae sweta na viatu vya shule. Akawakamata kware watatu akawatia kwenye boksi lililotobolewa, akalifunga kwa uzi, akajitwika. Nikauliza tunakwenda wapi. "Hillbrow," akasema. Saluni alikokuwa akisuka Mama Debora walikuwa wamemwelekeza; kumbe alishakwenda kuulizia siku nyingi, peke yake, bila kuniambia. Njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza. Nilisogea nisikilize. Alikuwa anapanga maneno: Mama Debora, binadamu tunakosea. Mama Debora, hasira ni shetani. Mama Debora, watoto wetu wana kosa gani. Nilifurahi mpaka nikashindwa kutembea vizuri, nikawa naruka kama wale kware boksini. Nilikuwa nimeshazichambua nywele zangu kwa vidole nikiwa njiani, ziwe tayari.

Jengo lile lilikuwa refu na lifti yake imekufa. Tukapanda ngazi. Mama alipumzika kila ghorofa, kaegemea ukuta, boksi bado kichwani, hakunikubalia nimpokee. Tulipofika alishusha pumzi, akalishusha boksi kifuani, akajifunga ushungi upya, akabisha hodi.

Mama Debora akafungua. Alikuwa amekonda kidogo. Nyuma yake nilimwona Debora amekaa kwenye zulia, karefuka, nywele zimesukwa vizuri. Aliponiona aliinua mkono. Mamake akageuka kumtazama, naye akaushusha.

Nikamwangalia mama yangu. Sasa, mama. Sema.

"Hawatagi," mama akasema, akalinyoosha boksi mbele. "Nimekuletea uwaone."

Mama Debora akalitazama lile boksi. Ndani kware mmoja akaruka akajigonga kichwa. Mama Debora akasema, si kwa hasira, kama mtu anayejibu saa ngapi, "Ni baridi. Ubawekee taa. Asubuhi mapema, na jioni."

"Taa yoyote?"

"Taa yoyote."

"Ahsante," mama akasema.

"Ndiyo."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Tukausikia mnyororo ukipita mahali pake.

Tulishuka ghorofa ya kwanza. Ya pili nikashindwa kuvumilia. Nikasimama katikati ya ngazi nikamwambia mama kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea, "Mbona hukumwomba radhi?"

"Nimemwomba."

"Hukumwomba! Nilikuwa pale! Hukusema hata neno moja!"

Mama akageuka. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye baridi ile, na macho yake yamejaa, na kweli kabisa hakuwa ananielewa.

"Nimepanda ngazi zote hizi, mwanangu, na ndege kichwani, nikaenda kumwuliza yeye," akasema. "Ulidhani nilikuwa namfanyia nini?"

Nilitaka kurudi juu mbio, nigonge ule mlango, nimwambie Mama Debora maneno yale yale, neno kwa neno. Nilishageuka tayari. Mama akanishika mkono akaukaza, tukashuka.